Mkono Mmoja, Nyumba Nzima

Kitu cha kwanza alichofanya yule daktari ni kumwomba mkubwa wetu atoke nje.

Tulikuwa bwaloni, askari kama arobaini tumekaa kwenye mabenchi, wengine tumetoka lindoni alfajiri ile na usingizi umejaa machoni. Mkubwa alikwisha kutuambia, kwa sauti ile ile ya gwaride, kwamba wageni wametoka Muhimbili, wana jambo la taifa, na yeye anategemea kuona mikono juu. Ndani ya Jeshi la Polisi, mkubwa akisema anategemea, ameshaamuru. Daktari alimshukuru, kisha akamwambia kwa adabu kabisa: "Afande, niwie radhi. Jambo nitakalowaeleza vijana wako, lazima waweze kulikataa. Wewe ukiwepo hawataweza." Mkubwa akamwangalia, akatuangalia sisi, akachukua kofia yake mezani, akatoka. Mlango ulipofungwa nilisikia watu wakishusha pumzi.

Nimestaafu sasa, nafuga kuku Chanika, na miaka inakaribia ishirini tangu siku ile. Lakini kila nikiulizwa ilikuwaje hadi askari wa Dar es Salaam tukakubali kudungwa chanjo ya majaribio ya UKIMWI, wakati hakuna aliyejua kama inafanya kazi, huanza kusimulia kwenye ule mlango. Mkubwa angebaki ndani, wangepata mikono arobaini juu na wasingepata mtu hata mmoja.

Damu yetu walianza kuichukua zamani. Mimi niliingia kazini mwaka 1991, nikitokea Chuo cha Polisi Moshi, na mwaka 1994 watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Karolinska kule Sweden, walianza kuwafuatilia askari wa Dar es Salaam: kutupima, kutuhoji, kurudi baada ya muda na kutupima tena. Majina ya Profesa Fred Mhalu na Dk. Muhammad Bakari tuliyazoea kama majina ya wakubwa wetu wa kazi. Walitaka kujua maambukizi mapya yanaingia kwa kasi gani katika kundi kama letu, ili siku chanjo itakapopatikana ya kujaribiwa, wawepo watu wanaoijua kazi hiyo na wanaowajua wao.

"Kundi kama letu." Kwenye karatasi zao tuliitwa kundi lililo katika hatari kubwa ya maambukizi. Neno hilo lilituuma. Wengine walisusa kabisa, wakasema Serikali inatutangaza kuwa malaya. Mimi nilikasirika pia, lakini nikiwa peke yangu nilikuwa nahesabu. Askari anahamishwa leo kwenda Kibondo, mke anabaki Dar na watoto wa shule, na uhamisho hauna siku ya kurudi. Askari anashinda usiku barabarani na kwenye mabaa, kazini na baada ya kazi. Mshahara mdogo lakini hauchelewi, na mtaani mtu mwenye mshahara usiochelewa hakosi wa kumfuata. Mambo hayo tuliyajua wenyewe. Kilichouma ni kusomewa na mgeni.

Na tulikuwa tunazika. Ugonjwa ulionekana nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, na hadi miaka ya tisini ulishaingia kwenye kota zetu, chumba hadi chumba. Hatukuutaja jina. Tulisema fulani amekanyaga miwaya, fulani ana ngoma. Mtu alikuwa anakonda ndani ya sare ile ile, mkanda unasogezwa tundu moja, kisha tundu jingine, mpaka anatoboa tundu jipya kwa msumari. Nilibeba jeneza la mwenzangu wa lindo mwaka 1996, na jingine mwaka uliofuata. Rais Mkapa alipotangaza mwishoni mwa mwaka 1999 kwamba UKIMWI ni janga la kitaifa, sisi wa kota tulikuwa na miaka ndani ya janga hilo. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, wengi wa niliowazika walikuwa wamezitangulia kwa miaka michache tu.

Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 2006, daktari alipofunga mlango wa bwalo na kusema "chanjo", hakuna aliyekuwa anasinzia tena.

Alieleza polepole. Jaribio litachukua watu 60 tu. Lengo la kwanza ni kujua kama chanjo ni salama na kama mwili unaitikia. Kama inazuia maambukizi, hilo halitajulikana safari hii, kwa hiyo asiingie mtu akidhani amepata ngao. Ndani ya chanjo hakuna kirusi cha UKIMWI, kizima wala nusu yake: kuna vipande vya vinasaba vilivyotengenezwa maabara, vifanane na vya kirusi ili mwili ujifunze sura ya adui. Sindano tatu za kwanza zitakuwa za vipande hivyo, mwanzoni, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu. Kisha katika mwezi wa tisa na wa ishirini na moja itakuja chanjo ya pili ya kuongeza nguvu, iliyobebwa ndani ya kirusi kilichodhoofishwa cha chanjo ya ndui. Baadhi yetu hatutapewa chanjo hata kidogo. Tutadungwa maji ya chumvi, na si sisi wala anayetudunga atakayejua nani kapata nini mpaka mwisho.

Halafu akaja kwenye masharti. Mwanamke asishike mimba kwa muda wote watakaomwambia. Kondomu zitumike. Na tukitaka kupimwa virusi, tupimwe kwao, kwa sababu aliyechanjwa anaweza kutengeneza chembe za kinga zikakidanganya kipimo cha kawaida kwamba ameambukizwa.

Sajini mmoja mzee, ambaye sasa ni marehemu, alisimama. "Daktari, umesema hakuna kirusi. Sasa kama hakuna kirusi, kwa nini watu wasizae?" Daktari hakukasirika wala hakukimbilia kujibu. Alisema: "Kwa sababu hatujui chanjo hii ingemfanya nini mtoto tumboni, na hatuko tayari kujifunza kwa mtoto wa mtu." Sajini akakaa. Baadaye aliniambia kwamba lile neno "hatujui" ndilo lililomfanya aendelee kusikiliza. Alizoea kuambiwa na watu wanaojua kila kitu.

Mtaani ilisemekana tunalipwa mamilioni. Tulirudishiwa nauli, tukatibiwa tulipougua, tukapimwa damu, mkojo na vinginevyo kwa uangalifu ambao askari wa cheo changu hakuuzoea. Sitaficha kwamba lile la kupimwa lilinivutia. Lakini nauli ya daladala kutoka Barabara ya Kilwa hadi Muhimbili haitoshi kumfanya mtu atoe mkono wake kwa miaka miwili. Waliokuja kwa ajili ya fedha waliondoka wiki ya kwanza.

Kuna jambo lilinichukua muda kulielewa. Walitutafuta kwa sababu kundi letu liko hatarini, lakini katika hatua hiyo ya mwanzo, ndani ya kundi walimtaka mtu ambaye yeye mwenyewe anaishi kwa tahadhari. Kwa hiyo mnasihi alikuuliza maswali ya chumbani ambayo hata dada yako wa tumbo moja hajawahi kukuuliza. Halafu tulipewa mtihani mdogo wa kweli au si kweli. Chanjo hii imethibitika kuzuia UKIMWI: si kweli. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu: kweli. Aliyekosea alifundishwa tena. Nilipata yote, nikatoka pale kifua mbele. Nilidhani nimeshakubali.

Nilikuwa sijafika nyumbani.

Mume wangu alikuwa dereva wa daladala, Mbagala hadi Kariakoo. Usiku ule alisoma fomu chini ya taa, kidole kikifuata mstari kwa mstari. "Kwa hiyo wanakudunga ugonjwa?"

"Hapana. Ni vipande tu, ili mwili uvijue."

"Na mwili ukivijua vibaya?"

Sikuwa na jibu. Akakunja fomu, akairudisha kwenye bahasha. "Mke wangu, mkono ni wako. Lakini ukiugua, anayekubeba ni mimi. Ukitangazwa mtaani, anayetangazwa ni mimi. Mimi sijaulizwa na mtu."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Yalikuwa ya haki. Kwenye ile fomu ya ridhaa palikuwa na mstari mmoja wa sahihi, yangu. Lakini mkono wa mwanamke wa kwetu una wenyewe wengi: umemlea mtoto, umemwoshea mama mkwe, unalaliwa na mume. Anayetaka kuudunga hana budi kupiga hodi kwa wote hao.

Nikarudi Muhimbili nikasema: mume wangu anakataa, naomba mumwone. Wakamkaribisha. Alipoteza nusu siku ya gari, akaenda amevaa shati lake la Ijumaa, akawauliza waziwazi: mke wangu akidhurika na chanjo yenu, nani atamtibu, na kwa muda gani? Walimjibu, wakamwonyesha na palipoandikwa. Njiani tukirudi hakusema kitu hadi Kamata. Kisha akasema, "Wale watu wanavumilia kuulizwa." Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Akabaki mama mkwe. Alikuwa mtu wa Rufiji, anauza mchele sokoni Mbagala na anaishi nasi kota. Nilipomweleza alishika kichwa. "Mumiani!" Sisi vijana tunalicheka neno hilo, lakini yeye alikulia kwenye habari za watu wanaonyonywa damu usiku ili Wazungu watengenezee dawa, na waliosingiziwa kuwa wawindaji wa mumiani walikuwa watu wenye sare. Sasa mkwe wake, mwenye sare, anakuja kumwambia anakwenda kutoa damu yake mwenyewe kwa watafiti. Hakula chakula cha jioni.

Siku ya tatu aliniita chumbani kwake. "Umesema hiyo sindano ya mwisho ina ndui?"

"Ina kirusi cha chanjo ya ndui, mama. Kimedhoofishwa."

Akashusha khanga begani. Juu ya mkono wake wa kushoto palikuwa na kovu la duara, limebonyea, ngozi yake imejikunja kama kitovu. Nilikuwa nimeliona mamia ya mara, na mimi mwenyewe ninalo dogo zaidi. Hatukuwahi kuliongelea. "Walipokuja kutuchanja ndui," alisema, "mama yangu alitupeleka kujificha mpungani. Tukashinda huko siku nzima kwenye maji. Baba ndiye aliyekuja kututoa. Alikuwa amemzika dada yake, uso wote umeoza kwa ndui. Alisema, mimi nimeshaona usoni kwa dada yangu, hiyo sindano haiwezi kunitisha." Akapandisha khanga. Akanyamaza kidogo. "Hiyo chanjo yenu ingekuwepo zamani, mdogo wake mumeo angepona?"

Shemeji yangu tulimzika mwaka 1998. Mazishini ilisemwa ni kifua. Kwa miaka minane katika nyumba ile hakuna aliyesema vinginevyo.

"Chanjo haiponyi, mama. Inazuia."

"Basi ingemzuia." Alinitazama machoni. "Nenda. Lakini kila ukirudi uniambie wamekufanya nini, usinifiche hata moja."

Si kwamba sikuogopa. Niliogopa sana. Nilikwenda kwa sababu nyumba yangu ilikuwa na maiti, kama nyumba nyingi za kota, na watu wa nyumba hiyo walipoelezwa kwa subira waliona wenyewe kwamba maiti huyo ana uhusiano na ile sindano. Watafiti waliwahi kuwauliza mamia ya askari waliohudhuria semina kama wako tayari kushiriki, na zaidi ya nusu walijibu ndiyo. Ndiyo hiyo ni ya kweli, lakini ni ya bwaloni. Inabidi ivuke kizingiti cha nyumba, ikatoke tena asubuhi ikiwa bado ni ndiyo.

Ya shoga yangu haikutoka. Tulilinda lindo moja kwa miaka sita. Alifaulu mtihani, damu yake ikakutwa safi, jina lake likapangwa kwenye kundi. Siku chache kabla ya sindano ya kwanza alinifuata akiwa amevimba macho. Alikuwa anachumbiwa. Mchumba aliposikia habari ya kutoshika mimba, akauliza harusi ni ya nini. Dada wa mchumba akauliza, na kama kipimo kitasema ana virusi, tutajuaje kwamba ni chanjo? Akaenda Muhimbili akasema amejitoa. Alitegemea kugombezwa. Walimshukuru, wakamwambia mlango uko wazi akitaka huduma nyingine. Wengine pia walighairi hatua ile ile, na watafiti waliandika baadaye sababu zao: hofu ya madhara yasiyojulikana, wapenzi na jamaa waliokataa, na sharti la mimba. Kuna waliowaita waoga. Mimi nasema ukiona watu wanaweza kujitoa siku za mwisho bila kuadhibiwa, hapo ndipo ujue kwamba waliobaki wamebaki kwa hiari.

Majaribio yalianza Februari 2007. Sindano za kwanza hazikuwa na ncha. Kilikuwa chombo kama bastola fupi, kinasukuma dawa kwa nguvu ya hewa hadi ipenye ngozi. Muuguzi alikiegemeza mkononi, akasema "Tulia, dada," kikalia pwa, kama chupa ya soda inayofunguliwa. Palibaki vinundu vidogo kama vya kuumwa na mbu. Kwa askari, chombo kile kilifanana mno na kazi, nikacheka kwa woga, na muuguzi akacheka nami.

Jioni mama mkwe aliniketisha kwenye mkeka. Aliushika mkono wangu kwa viganja viwili, akaugeuza kwenye mwanga, akavihesabu vile vinundu kimoja kimoja kwa kidole gumba. "Hapa panauma? Na hapa?" Alifanya hivyo kila niliporudi, hadi sindano ya mwisho. Nimewahi kuona fomu za ufuatiliaji za kule kliniki, zimejazwa vizuri sana, lakini mfuatiliaji wangu wa kwanza alikuwa mwanamke asiyejua kuandika.

Maneno ya mtaani yalianza bombani. Unachota maji, mtu anasema, jirani, siku hizi Muhimbili hutoki. Kisha kikombe chako kinaanza kuwekwa pembeni. Siku moja mwanangu wa darasa la tatu alirudi analia, ameambiwa mama yake ana ngoma ndiyo maana kila mwezi yuko hospitali. Nilitaka kujitoa usiku ule ule. Asubuhi yake mama mkwe alichukua ndoo, kazi ambayo hakuwa akiifanya tena kwa sababu ya mgongo, akaenda bombani wakati foleni imejaa. Akawaamkia wote. Kisha akasema: "Huyu ni mwanangu, na anachanjwa kama mimi nilivyochanjwa ndui. Mwenye swali aniulize mimi, mtoto aachwe." Akapandisha mkono kuonyesha kovu. Waliokuwa na umri wake walianza kuangalia mikono yao. Maneno hayakuisha kabisa, lakini mwanangu hakulia tena.

Septemba mwaka ule ilikuja habari mbaya kutoka Marekani. Chanjo nyingine, ya kampuni ya Merck, iliyokuwa inajaribiwa kwa maelfu ya watu, ilisimamishwa. Haikuzuia maambukizi, na kulikuwa na dalili kwamba baadhi ya wanaume waliochanjwa waliambukizwa zaidi kuliko wasiochanjwa. Afrika Kusini nako jaribio la chanjo hiyo hiyo likafungwa. Mimi nilikuwa nimemaliza zile tatu, nasubiri ya nne. Tulielezwa tofauti: chanjo ile ilibebwa na kirusi cha jamii ya mafua, yetu itabebwa na kile cha ndui. Lakini walisema pia kwamba anayetaka kuacha aache, na atafuatiliwa afya yake vilevile. Walituuliza upya, kana kwamba hatukuwahi kukubali.

Nyumbani tulikaa watatu. Mume wangu alisema, "Wale wa Marekani wameambiwa ukweli?" Nikasema ndiyo, wameitwa wakaambiwa. "Na nyinyi mmeambiwa." Ndiyo. Akasema, basi amua. Nikaenda kuchanjwa ya nne. Ukiniuliza nilikubali mara ngapi, nitakwambia bwaloni mara moja, nyumbani mara tatu, na kila sindano mara moja moja.

Miaka ilipopita, siri ikafunguliwa. Niliingia chumba cha daktari, akatazama karatasi, akaniambia: "Wewe ulikuwa kundi la maji ya chumvi."

Nilikaa kimya. Maneno yote yale ya bombani, kilio cha mwanangu, mtoto wa tatu niliyemchelewesha, kwa maji ya chumvi. Walikuwa wamenieleza tangu siku ya kwanza, na nilijibu sawasawa kwenye mtihani. Bado iliniuma. Wenzangu waliopata chanjo walipewa habari njema: ilikuwa salama, miili yao iliitikia kwa nguvu, na hata dozi ndogo ya kwenye ngozi ilitosha kuamsha kinga. Matokeo yao yakasafiri duniani. Mimi nilihisi nimekaa kwenye harusi ya wengine.

Nilimkuta mama mkwe sokoni, mizani yake ya mikono miwili mbele yake. Nikamwambia. Aliuliza kwanza kama walinidanganya. Nikasema hapana. Akauliza, sasa hayo maji kazi yake ilikuwa nini? Nikamweleza kadiri nilivyoweza, kwamba bila sisi wasingejua kama homa ni ya chanjo au ni ya msimu, au kama damu imebadilika kwa dawa au imebadilika yenyewe.

Aliokota jiwe la kilo, akaliweka upande mmoja wa mizani. "Basi wewe ulikuwa hili. Watu wanakuja kununua mchele, sijaona aliyenunua jiwe. Lakini mimi nikiamka asubuhi, cha kwanza natazama kama mawe yangu yapo."

Alifariki mwaka 2014. Mizani ninayo, napimia chakula cha kuku.

Tangu wakati ule nimefuatilia habari hizi kama wengine wanavyofuatilia mpira. Thailand, mwaka 2009, watu zaidi ya 16,000 walishiriki na chanjo ikapunguza maambukizi kwa asilimia 31 hivi, tukafurahi. Afrika Kusini, Februari 2020, jaribio la watu 5,407 likasimamishwa, chanjo haikufaa. Mwaka 2021 lingine likashindwa, la wanawake wapatao 2,600 katika nchi tano za kusini mwa Afrika. Novemba 2023 sindano zikasitishwa katika jaribio lililokuwa likiendelea Mbeya, Dar es Salaam, Masaka na Durban. Kisha mwaka 2024 ikaja lenacapavir. Hiyo ni dawa ya kujikinga, inadungwa mara mbili kwa mwaka, na si chanjo. Wanawake na wasichana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda walioipata kwenye utafiti, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Niliposoma hayo nilikaa barazani peke yangu nikalia. Nyuma ya kila namba hizo, zilizofaa na zilizoshindwa, naona watu wanaokunja fomu na kuitia kwenye bahasha, wanakwenda nayo nyumbani kuulizwa.

Mwaka jana binti wa jirani yangu alikuja jioni. Amealikwa kwenye utafiti wa kinga, amesikia kwamba mimi niliwahi. Alikuwa na fomu kwenye simu yake na maswali mengi mazuri kuliko yangu ya mwaka 2006. Nilimjibu niliyoyajua. Kisha nikamuuliza kama nyumbani wanajua.

Akasema ana miaka 23, hahitaji ruhusa ya mtu.

"Huhitaji," nilimwambia. "Ukitaka kukataa, kataa hapa hapa, wala usimwambie mtu. Lakini ukitaka kukubali, utahitaji wa kukushika mkono jioni."

Akafikiri. Akaniuliza kama naweza kwenda naye. Nikafunga banda, nikajitanda khanga, tukavuka njia kwenda kwa mama yake.